Sura ya Tisa: Unywele wa Wino katika Kichochoro cha Garforth

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla Jaji wa mzunguko hajaketi Ravensley, na katika orodha ya mashauri yake jina la Seth Barraclough lilitangulia. Seth alikuwa mchochea tanuri wa kiwanda cha gesi, mtu wa kufanya kazi usiku na kulala mchana. Alishtakiwa kwamba jioni ya Ijumaa Kuu, tarehe kumi na tano Aprili mwaka huu wa 1892, alimpiga nyundo ya kichwa mzee Josiah Pickersgill, mtengeneza saa wa Mtaa wa Weir. Mzee alikata roho siku ya pili bila kutamka neno. Baraza la waamuzi likimwona Seth ana hatia, adhabu ni kitanzi.

Inspekta Ambrose Holroyd alikuwa na jambo moja tu lililomkera katika jalada zima: ushahidi ulinyooka mno. Shahidi mkuu, Bwana Clement Varley, alikuwa mpwa wa marehemu na mchora plani za majengo katika ofisi ya wajenzi ng'ambo ya mto. Alieleza kwamba alikuja kumjulia hali mjomba wake saa kumi na mbili kasorobo, akamwona Seth akichomoka kwa mlango wa nyuma wa duka, akamfukuza. Walikimbia hatua thelathini na tano kupita nyuma ya maduka, wakaingia Kichochoro cha Garforth, wakatokea Ua wa Garforth penye pampu ya maji, na hapo Seth akajifungia katika nyumba ya saba. Holroyd aliwahi kuwahoji mamia ya watu waliowafukuza wezi. Hakumkumbuka hata mmoja aliyehesabu hatua.

Msimamizi Cattrall, mkuu wake, alimsikiliza huku akitia sukari katika chai.

“Kwa hiyo kosa la kijana wa watu ni kusema vizuri?” aliuliza.

“Ndiyo, mkuu. Amesema vizuri kupita kiasi.”

“Una leo na kesho, Holroyd. Keshokutwa sitaki kukuona mahakamani umekunja uso kama mtu aliyelishwa siki.”

Saa tatu ya asubuhi hiyo ya Jumatatu, Holroyd aliteremka hadi ghala la ramani chini ya Ukumbi wa Jiji. Mtunzaji wa ghala, Bwana Eli Fothergill, alikuwa mzee wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye ndevu zilizokatwa kwa mstari ulionyooka kama mpaka wa shamba. Hakuruhusu mgeni kuingia na wino wala kuegemea meza, na Holroyd alitakiwa kuonyesha viganja vyake pande zote mbili kama mtoto wa shule kabla hajakaribishwa kiti.

Karatasi ya kwanza aliyotandikiwa ilikuwa mpya, ya miaka miwili iliyopita. Holroyd alifuata maneno ya Varley kwa ncha ya kijiti alichopewa. Mlango wa nyuma wa duka ulikuwapo. Hatua thelathini na tano zilitimia. Kichochoro kilikuwapo, cheupe, wazi, kimebanwa kati ya kuta mbili, na mwisho wake ilikuwapo pampu, duara dogo lenye herufi moja ubavuni. Ushahidi wa Varley na ramani ile vililingana kama kiganja na glavu.

“Umeridhika?” aliuliza Fothergill.

Holroyd alikiri kwamba hakuridhika, na akauliza kama kuna nyingine ya zamani zaidi. Mzee aligeuka. Alikwenda kwenye kabati la mwisho, akavuta droo pana kuliko kitanda, akarudi amebeba karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

Holroyd alizaliwa Ravensley na kulelewa Ravensley, lakini alipoinama juu ya karatasi ile aliona mji asioujua. Mtaa wote ulikuwa umechorwa kwa kipimo cha futi tano kwa kila maili moja. Kila nguzo ya taa ilikuwa na nukta yake. Kila ngazi ya mlango ilihesabiwa, na kila banda la nguruwe, kila pipa la maji ya mvua, kila mti katika bustani ya mchungaji, pamoja na njia zake zilizopinda kuzunguka vitalu vya maua. Palipo sasa na kiwanda cha ngozi palikuwa na uwanja wenye safu za vigingi vya kuanikia sufu. Kijito ambacho Holroyd alikijua kwa harufu tu, kikipita chini ya mawe ya barabara, hapa kilitembea juani kikiwa na daraja la mbao. Mtu angeweza kumtuma mgeni aliyefumba macho katika mtaa ule wa zamani, na mgeni asijikwae.

“Nani alifanya kazi hii?” aliuliza hatimaye.

“Wapima ardhi sita, na mimi nikishika ncha ya mnyororo wa kupimia,” alisema Fothergill. “Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulipima kila kitu kilichosimama. Bwana mkubwa wetu alisema, kisichoondoka ukikipiga teke, kichore.”

Holroyd alikuta Kichochoro cha Garforth. Akaomba kioo cha kukuzia. Katikati ya kichochoro, kutoka ukuta hadi ukuta, ulipita mstari mwembamba kama unywele. Akarudi kwenye karatasi mpya: haukuwapo.

“Hili ni doa?”

Fothergill alimtazama kama aliyetukanwa. Akamwambia kwa utaratibu kwamba mstari ule ni lango, na kwamba yeye mwenyewe alilipiga teke. Lilikuwa limefungwa. Alilikumbuka vizuri kwa sababu ilibidi azunguke na mnyororo mabegani hadi kanisani, apite nyuma ya uwanja wa sufu, ndipo aufikie upande wa pili. Na siku hiyo mji ulikuwa kimya ajabu, hakuna mkokoteni wala mashine, ndiyo maana walipima mitaa minne kwa siku moja. Akafungua daftari la kazi la wapima. Pembeni ya vipimo vya kichochoro palikuwa na tarehe: 21 Aprili 1848. Holroyd aliinakili.

“Na hawa wa juzi walikosea kulisahau?”

“Hawa hawakukosea,” alisema mzee kwa ukali. “Mpima ardhi huchora anachokiona siku anayokiona. Kama hawakuchora lango, basi hawakuona lango.”

Kabla ya saa sita Holroyd alikuwa Mtaa wa Weir. Alikwenda na matumaini makubwa. Kama lango la zamani lilikuwa limejengewa ukuta, kesi ya Varley ingeanguka palepale. Alianza kwa mlango wa nyuma wa duka, akahesabu hatua thelathini na tano, akageuka. Kichochoro kilikuwa wazi. Mwanamke mmoja alikuwa akija amebeba ndoo mbili, na nyuma yake mwanamume mwenye turubali begani. Wote wawili walimsalimu. Hakukuwa na ukuta wala kizuizi. Holroyd alitembea hadi penye pampu na akatokea mbele ya nyumba ya saba bila kupunguza mwendo, kwa muda wa dakika moja na robo.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo ya asubuhi nzima. Varley alisema kweli, na ramani mpya ilisema kweli.

Keziah Barraclough, mke wa Seth, alikuwa amepiga magoti akisugua kizingiti cha nyumba ya saba. Alimtambua Inspekta akainuka, akajifuta mikono. Hakulia. Alimweleza kwamba walihamia hapa Novemba iliyopita, kwamba siku ile Seth alirudi kazini alfajiri, akala, akalala hadi alipokuja kugongewa na polisi. Ni yeye tu aliyemwona amelala, na ushahidi wa mke hauna uzito.

“Nimefua shati lake la Jumapili,” alisema. “Nilipeleke gerezani leo, au nisubiri?”

Holroyd alimjibu asubiri, kisha akajilaumu kwa kutoa jibu hilo, kwa maana hakuwa na la kulitegemeza.

Alirudi kichochoroni polepole, mkono mmoja ukiparaza ukuta. Katikati, pale pale penye unywele wa wino wa Fothergill, vidole vyake viliacha matofali vikagusa mbao. Alisimama. Lango lilikuwapo bado. Lilikuwa limekunjwa likalala bapa juu ya ukuta na kupakwa chokaa ileile nyeupe ya ukuta, tabaka moja juu ya jingine, mwaka hadi mwaka, hata mtu apitaye asingeweza kulitofautisha. Chini yake majani yalikuwa yameota, ila yale yaliyokuwa katika njia ya ubao yalikuwa yamelala upande mmoja. Holroyd aligusa bawaba ya juu. Kidole chake kilirudi cheusi.

Alikinusa. Grisi, na si ya zamani.

Lango lisilofungwa kamwe, nani hulipaka grisi?

Aliyejua jibu aliishi nyumba ya kwanza ya ua. Mama Tabitha Ramsden alikuwa mjane mwenye umri wa miaka sabini na kitu, mpishi wa utumbo wa ng'ombe aliyeuza dirishani kwake na siki juu. Alimtazama Holroyd kidole kwanza, uso baadaye.

“Umechafua grisi yangu,” alisema. “Na hiyo kofia, mwanangu, ndani ya nyumba yangu huvuliwa.”

Holroyd alivua. Akaketishwa, akapewa sahani bila kuulizwa kama ana njaa, na mama yule akaeleza mambo kwa mpango wake mwenyewe, akianzia kwa bibi yake. Ardhi ya kichochoro ilikuwa mali ya watu wa Garforth tangu kale. Waliwaachia wapita njia wapite kwa hisani. Lakini njia ikipitwa na kila mtu miaka mingi bila kuzuiwa hata siku moja, jiji huweza kusema ni njia ya umma, na mwenye mali hana tena chake. Kwa hiyo kila mwaka, siku moja tu, lango hufungwa tangu jua kuchomoza hadi taa kuwashwa. Bibi yake alishika ufunguo, kisha mama yake, kisha yeye.

“Siku gani?” aliuliza Holroyd. Uma ulikuwa umesimama njiani kati ya sahani na mdomo wake.

“Siku gani tena? Ijumaa Kuu. Siku hiyo hakuna kazi, hakuna anayepata taabu. Watu wa ua wote wanajua, hujiendea zao kanisani au milimani.”

Holroyd aliweka uma chini. Akamuuliza kama mwaka huu alifunga. Mama Ramsden alisema amefunga kwa miaka thelathini na minane bila kukosa, hata ile siku aliyozikwa mumewe. Holroyd akaomba kitabu cha sala. Mjane alimletea cha mama yake mzazi, kimechakaa, na katika kurasa za mwanzo palikuwa na jedwali la sikukuu zinazohama, mwaka kwa mwaka. Alishusha kidole chake kisafi hadi 1848. Pasaka iliangukia tarehe ishirini na tatu Aprili. Ijumaa Kuu, basi, ilikuwa tarehe ishirini na moja.

Fothergill na wenzake walipima siku ambayo mji ulikuwa kimya. Walikuwa wamechora, kwa uaminifu wao wa kupiga mateke kila kitu, siku pekee ya mwaka ambayo lango lilisimama katika njia.

“Kwa nini hukuwaambia polisi, Mama?”

“Waliniuliza kama Seth Barraclough ni mlevi. Nikasema hanywi. Wakasema ahsante, wakaenda.” Alichukua sahani iliyobaki nusu, akairudisha mbele yake. “Hakuna aliyeniambia kwamba huyo mtu anadaiwa kupita kichochoroni. Hata Seth mwenyewe hajui habari za lango. Hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu yake ya kwanza hapa, na aliilala yote. Kula. Utumbo ukipoa haufai.”

Holroyd alikula, na huku akila aliuliza la mwisho: mbali na yeye, nani aliliona lango likiwa limefungwa? Mama Ramsden akatoa chini ya saa ya ukutani karatasi iliyokunjwa. Kila mwaka wakili wa Garforth humtuma karani wake kulitikisa lango na kuandika kiapo kwamba alilikuta limefungwa, ili jiji likija na maneno yake lionyeshwe. Mwaka huu karani alifika saa kumi na moja na nusu, akapewa chai na mkate wa Ijumaa Kuu wenye alama ya msalaba, akala na kunywa palepale langoni, kwa sababu mama hakutaka makombo ndani. Aliondoka kanisa lilipogonga saa kumi na mbili. Kiapo kilisema hivyo, kwa mwandiko wa kiofisi, na hakikutaja mtu yeyote aliyekimbia, kwa kuwa hakuna aliyepita.

Holroyd alisoma mara mbili. Kisha alifanya jambo ambalo polisi wa Ravensley hawakuzoea kulifanya: alisimama akampa mjane muuza utumbo heshima ya kijeshi. Mama Ramsden alimkabidhi ufunguo na kiapo, akamwambia aache mzaha, avae kofia yake, aende kazini.

Saa tisa alasiri Bwana Clement Varley aliletwa ofisini kwa Holroyd, kijana nadhifu, kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Mlango wa chumba cha pili uliachwa wazi kidogo, na nyuma yake aliketi Msimamizi Cattrall pamoja na karani wa polisi. Holroyd alimweleza mgeni kwamba waamuzi ni watu wa vijijini, hawaujui mtaa, na kwamba ingewasaidia sana kama yeye, mwenye mkono wa ufundi, angewachorea njia aliyoikimbia. Mezani palikuwa na ramani mpya na juu yake karatasi nyembamba ya kunakilia.

Varley alifurahi. Alinoa penseli, akachora. Ilikuwa kazi safi kabisa. Hata kilipopinda kichochoro, mkono wake ulipinda bila kusita. Holroyd alimsifu, na sifa ile ilikuwa ya kweli. Akamwomba aweke sahihi na tarehe.

“Hukuwahi kupotea?” aliuliza. “Mtu asiyekaa mtaa ule hupotea.”

“Nilikuwa nyuma yake hatua kumi, Inspekta. Nilifuata mgongo wake.”

“Kichochoroni pia?”

“Kichochoroni hasa. Ni pembamba, nilimsikia akihema.”

Holroyd aliondoa ramani mpya. Chini yake, kwa ruhusa iliyotolewa kwa shida kubwa na viganja vilivyooshwa mara mbili, ilikuwapo ile ya 1848. Akaweka mchoro wa Varley juu yake. Kuta zilikaa juu ya kuta, pampu juu ya pampu. Mstari wa penseli uliteremka kichochoroni hadi katikati ukakata unywele wa wino.

“Hiki ni nini?” aliuliza Varley.

“Ni lango. Ijumaa Kuu hufungwa kwa ufunguo, mwanzo wa siku hadi mwisho. Lilifungwa mwaka huu. Huu hapa ufunguo, na hiki ni kiapo cha karani wa wakili aliyesimama mbele yake akinywa chai wakati wewe ukimsikia mtu akihema.”

Varley alikitazama kiapo, akaitazama ramani. Ufundi wake ulimsukuma kabla ya akili yake kumzuia.

“Hapana lango pale,” alisema. “Ramani hii mpya tunayo ofisini kwetu, haina lango, na mimi Jumamosi asubuhi nilipita mwenyewe kuhakikisha, kichochoro kilikuwa wa—”



Katika chumba cha pili kalamu ya karani iliandika, ikasimama.

“Uliandikisha maelezo yako Jumamosi saa nane mchana,” alisema Holroyd bila kuinua sauti. “Siku ya kwanza ulitaja jina la Seth tu, ukasema umeshtuka mno, huwezi kueleza zaidi. Sasa niambie, Bwana Varley. Mtu aliyeikimbia njia Ijumaa kwa miguu yake, Jumamosi anaendea nini kuhakikisha kama ipo?”

 Varley alichukua penseli yake mezani, akairudisha mfukoni, akaitoa tena. Msimamizi Cattrall aliingia akiwa na kikombe mkononi, akasimama nyuma ya kiti cha kijana, akamwekea mkono begani.

Jumatano Jaji aliketi, lakini jina lililosomwa kwanza halikuwa la Seth Barraclough; Varley ndiye aliyekuwa sasa mahabusu kwa kifo cha mjomba wake. Ramani ilikuwa imekwisha kurudi kwenye droo yake. Fothergill aliikagua pembe zote nne, akaikuta haina doa, ndipo alipouliza kama ilifaa kitu. Holroyd alimwambia kwamba iliokoa mtu. Mzee alifikiri kidogo, akasema mnyororo ulikuwa mzito sana siku ile, akafunga droo.

Mchana Seth alitoka gerezani katika shati la Jumapili. Keziah alimshika mkono, na Holroyd akawafuata kwa mbali, maana alikuwa na ufunguo wa kurudisha. Walipofika kichochoroni Seth alisimama. Alikuwa amepita hapo miezi mitano, kwenda na kurudi kazini, asilione lango. Sasa, alipokwisha kuambiwa habari zake, aliutafuta ubao kwa mkono, akaupata, akaupapasa hadi kwenye bawaba. Kidole chake kilirudi cheusi.

Keziah alitoa kitambaa ampanguse, yeye akauficha mkono nyuma. Akaingia nao nyumbani vilevile.